Safu ya Saba

Nilipewa siku kumi na nne, kalamu mbili za bluu,
na orodha ya mashirika kumi na saba ya Kasulu.
Linganisha, walisema. Ukubwa. Mishahara.
Na ile safu ya saba, pana kuliko zote:
nani wamo humo ndani?

Shirika la kwanza lina geti la umeme,
na umeme ukikatika lina Ntabindi.
Anasukuma kwa bega, ananiambia mwakeye,
ananiandika kwenye daftari lililolika kona.
Watumishi mia mbili na kumi na wawili,
alisema bibie wa utumishi,
ameketi chini ya bango la sura za kila rangi.
Mkurugenzi katoka mbali. Naibu wake, mbali kidogo.
Wakuu wa idara: Dar, Arusha, Moshi.
Ukishuka ngazi ndipo unaanza kusikia Kiha:
usukani, jiko, ufagio.
Wanawake asilimia arobaini na nne. Nikaomba majina.
Wengi walikuwa kwenye masufuria
na mmoja kwenye dawati la jinsia.

Mshahara wa juu sikuruhusiwa kuuona.
Nilipewa "kati ya hapa na hapa",
kama mtu anayekuonyesha kwa kidevu
milima ya Heru yote
na kusema, ng'ombe wako yuko kule.

La kumi na saba lilinitesa kulipata.
Liko Murubona, nyuma ya mashine ya kusaga,
chumba kimoja, unga umetua juu ya mafaili
kama vumbi lililosamehewa.
Wanatetea mashamba ya wajane.
Watu watatu: Yusta Bigirwa, mjane mwenyewe;
Gwimo, haoni, lakini kesi zote anazo kichwani kwa namba;
na Sadoki, aliyezaliwa kambini,
ambaye karatasi zake ziko njiani tangu azaliwe.
Nikapiga hesabu juu ya goti.
Theluthi mwanamke. Theluthi mlemavu. Theluthi mkimbizi.
Hakuna lililofika hapo, hata lile la geti.
"Na mishahara?"
Yusta alicheka mpaka akaishinda mashine.
"Andika maharage. Madebe mawili kwa msimu
tukishinda kesi. Tukishindwa, andika pole."
Nikamwambia fomu inataka tarakimu.
"Basi andika mbili."

Jioni nikapiga simu makao makuu.
Bwana Kerenge alisikiliza, akavuta pumzi.
Hilo dogo liondoe, linaharibu wastani.
Wastani wa nani, nikauliza.
Mtandao ukakatika, au aliukata.

Siku ya mwisho nikarudi getini kufuata mhuri.
Mvua ilikuwa inashuka kutoka upande wa Burundi,
na vumbi jekundu lilikuwa limeanza kunukia.
Ntabindi akanikaribisha chini ya kibanda chake.
"Mimi umeniweka wapi?"
Nikapekua. Mia mbili na kumi na wawili.
Usukani umo. Ufagio umo.
Yeye hayumo.
Mlinzi ni wa kampuni, kampuni ni ya Mwanza,
na Mwanza haikuwa kwenye orodha.
Miaka tisa anakesha kwenye chuma kile!
Alilitazama jedwali kama mpishi
anayeonyeshwa picha za harusi aliyoipikia.

"Na wewe?"
Mimi kibarua. Elfu kumi na tano kwa siku,
chakula juu yangu.

Maelekezo yanasema wino tu,
na usiandike nje ya mistari.
Sikuwa na penseli; yeye alikuwa nayo,
fupi, imefungwa uzi kwenye daftari la wageni,
ikabidi tusogeze karatasi mpaka kwenye uzi.
Pembeni, nje ya safu ya saba, nikaandika:
Elisha Ntabindi, mmoja.
Nikasita. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.
Akavua kofia, akaikinga karatasi.
"Andika," akasema, "bado nafasi ipo."

Honi ikalia nje. Gari jeupe, vioo vimepanda.
Umeme ulikuwa umekatika.
Akaenda kusukuma.